Umeosha Miguu?

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wakubwa huko nyuma, mbona kimya? Hadithi hii inawahusu pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, bibi yangu hajazaliwa na bibi yake hajazaliwa, alikuwepo Mama Ngiri. Alikuwa na watoto watatu: Chubi, Tuntu na Kitinda, kitinda mimba wake. Watukutu hao! Ukimtoa huyu matopeni, yule kaingia. Ukimtoa yule, wa tatu kakalia chakula.

Kila jioni Mama Ngiri alisimama mlangoni pa shimo lao. "Ndani! Umeosha miguu? Na wewe, umeosha miguu? Usinifanye nije huko!"

Ngiri anayechukia matope! Msiniulize mimi, ndivyo alivyokuwa.

Watoto wakishaingia, naye aliingia. Lakini aliingia kinyumenyume, kama ngiri wote wakubwa. Makalio yalitangulia, kichwa kikabaki mlangoni, na yale meno yake mawili meupe yaliyochomoza yakatazama nje. Kwaru, kwaru, kwaru, pu!

Watoto walicheka mpaka wakagaagaa. Kitinda ndiye aliyezidi. Aliokota vijiti viwili vilivyoambuliwa ganda, vyeupe pe, akavibana kwenye pembe za mdomo. Akarudi kinyumenyume akitikisa makalio. Kwaru, kwaru, kwaru, pu! "Umeosha miguu? Usinifanye nije huko!"

Mama akamfuma. "We Kitinda! Ndiyo mimi huyo? Mimi natembea hivyo?"

"Ndiyo, mama," wakajibu wote watatu.

Mama akanuna. "Mchezo huu sitaki kuuona tena. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama."

Wamesikia! Mnawajua watoto, nyie.

Siku moja Mama Ngiri alikwenda mbali kuchimba mizizi. Mvua ikanyesha, ikamchelewesha. Watoto wakaingia shimoni peke yao. Wakaanza.

"Mama weee, Chubi ananiangalia!"

"Simwangalii!"

"Ananiangalia kwa jicho moja!"

Fisi alikuwa akipita. Akasimama, akasikiliza. "Watoto wanagombana hivi, basi mama yao hayupo. Leo nimeula!"

Mjinga yule, hajawahi kulea. Mama akiwepo ndipo wanagombana zaidi! Lakini siku hiyo alibahatisha.

Akaja. Pwata, pwata, pwata, kwenye matope. Harufu yake ikatangulia. Watoto kimya! Chubi akajibana ukutani. Tuntu akajificha nyuma ya Chubi. Shimo lilikuwa na mlango mmoja tu, na Fisi alikuwa mlangoni. Wangekimbilia wapi? Angewala wote.

Kitinda aliogopa kuliko wenzake. Kupigana hajui. Kukimbia hajui. Alijua mchezo mmoja tu. Akabana vijiti vyake mdomoni, akawasukumia wenzake ndani kwa makalio, uso akauelekeza mlangoni. Kwaru, kwaru, pu!

Fisi akaingiza kichwa. Gizani akaona vitu viwili vyeupe. Sauti ikatoka, na shimo likaikuza.

"NANI HUYO? UMEOSHA MIGUU?"

Fisi akaruka. "Ni... ni mimi, Mama Ngiri. Napita tu."

"Unapita nyumbani kwangu na matope yote hayo? USINIFANYE NIJE HUKO!"

"Usije, mama! Naondoka, mama! Shikamoo, mama!"

Fisi huyooo! Mkia kaufyata, hata nyuma hakutazama.

Punde si punde Mama Ngiri akafika. Akaona nyayo za fisi mlangoni. "Wanangu! Jamani, wanangu!"

Ndani ikatoka sauti yake mwenyewe: "Nani huyo? Umeosha miguu?"

Mama Ngiri akajitazama. Matope hadi magotini! Akageuka mbio hadi dimbwini. Akaosha mguu huu, akaosha na huu, akaosha na ule. Alipofika wa mwisho akashtuka. "Hebu kwanza! Kama mimi nipo hapa, yule mle ndani ni nani?"

Akacheka huku analia. Akakimbilia shimoni, akaingia kichwa kwanza, akawanusa wanawe mmoja mmoja. Wote wazima.

Kitinda akamtazama. "Mama, umekosea. Toka, uingie kinyumenyume."

Mama Ngiri akatoka. Akaingia kinyumenyume. Kwaru, kwaru, kwaru, pu! Na hakuna aliyecheka.

Basi, wakubwa, mtoto anayekuigiza amekutazama vizuri; usimkaripie, angalia tu unamwonyesha nini. Nanyi watoto, neno la mama linalowachosha masikio kila siku, lishikeni. Ipo siku litawaokoa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa shimo. Sasa kalaleni. We unayejifanya umesinzia, umeosha miguu?