Ulimi wa Akupendaye

Ulimi wa akupendaye si kipimo. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo dada yenu jikoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua nani aliuanza msemo huu. Haya, kaeni. Na wewe, zima hiyo simu. Msemo huu ulitoka nyumbani kwa Bibi Elineema, huku huku kwenye mitelemko ya Mlima Meru, na ulitoka pamoja na machozi.

Bibi Elineema alikuwa na ng'ombe mmoja, kibuyu kimoja na mume mmoja, Mzee Nanyaro, na wote hao aliwatunza kwa mkono wake mwenyewe. Maziwa ya jioni aliyaweka kibuyuni, asubuhi akammiminia mzee kikombe, mabichi vile vile, maana mzee alidai ya kuchemsha yana ladha ya hospitali. Kabla ya kutiwa maziwa, kibuyu huoshwa, kisha huingizwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, kikasuguliwa ndani mpaka moshi ukolee, maana moshi ndio huzuia maziwa yasiharibike. Utajuaje umekolea? Unaweka pua kwenye mdomo wa kibuyu, unanusa. Wanawake wa pale hawakuwa na kipimo kingine.

Mwaka mmoja Bibi Elineema akaugua mafua makali, yakaondoka na pua yake. Hakusikia tena harufu ya kitunguu wala ya mvua. Hakumwambia mtu. Mwanamke asiyeweza kunusa kibuyu chake, watu watamsemaje? Akawa anakisia tu, na kila asubuhi anamkazia macho mumewe.

"Vipi, Baba Anaeli, yamekaaje?"

Mzee anafuta midomo. "Matamu, Mama Anaeli. Matamu kama siku zote."

Basi moyo wake unatulia, anakwenda shambani.

Mzee akaanza kuharisha. Akapewa dawa zahanati, akapona. Hazikupita siku nne, tumbo likarudi. Akapewa tena, likarudi tena, hadi suruali ikawa haishiki kiuno. Na Bibi Elineema akafanya nini? Jamani, akamwongezea maziwa ili apate nguvu! Asubuhi kikombe, mchana kikombe. Siku mzee aliposhindwa kuinuka kitandani, bibi alijificha zizini akalia, maana hakujua ataishije katika nyumba ile bila mtu yule.

Siku hiyo hiyo akaja kuwajulia hali Ndeshi, binti wa kaka yake, aliyekuwa akipima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia.

"Shangazi, mzee anakula nini?"

"Hali kitu, mwanangu. Maziwa tu."

Ndeshi akachukua chupa mbili safi. Ya kwanza akaikamulia maziwa moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe, ya pili akaijaza ya kibuyuni. Wakaenda wote wawili kituoni, na huko akatia rangi kidogo ya buluu katika kila moja, akaziweka kwenye maji ya uvuguvugu. "Bakteria wakiwa wengi, rangi inapotea upesi," alimweleza shangazi yake. "Wakiwa wachache, inakaa saa nyingi."

Chupa ya ng'ombe ilibaki buluu. Ile ya kibuyu, hata chai hawajamaliza, ilikuwa nyeupe pe!

"Ng'ombe hana neno, Shangazi," Ndeshi akasema taratibu. "Ni kibuyu."

Bibi Elineema akarudi nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Anaeli, maziwa yalikuwa yananuka?"

Mzee akageuzia uso ukutani.

"Niambie."

"Tangu ulipougua mafua."

"Na ulikuwa unasema matamu!"

"Ulikuwa unanitazama," mzee akajibu. "Nilijua pua imekuacha. Nikaona heri tumbo langu liume kuliko wewe uone aibu."

"Ungekufa, wewe mwanamume! Ungekufa ukaniacha peke yangu na kibuyu!" Akampiga kofi begani, kisha akauacha mkono pale pale, wakalia wote wawili.

Ndeshi akatafuta gari, mzee akafikishwa hospitali, akatibiwa hadi akapona. Siku aliyorudi alikuta maziwa yanachemka jikoni, maana bibi alikuwa ameapa kwamba mabichi hayaingii tena kinywani mwa mtu katika nyumba ile. Yakapoa, akamiminiwa. Akaonja kidogo.

"Matamu," akasema.

Bibi Elineema akampokonya kikombe. Akatoka nacho hadi kwenye ua wa Mama Nderingo, jirani ambaye hawakuwa wamesalimiana naye tangu ng'ombe alipokula mahindi yake. Kisha akalisema lile neno alilolificha miezi yote: "Jirani, pua yangu imekufa. Tafadhali ninusie."

Mama Nderingo alimtazama sana. Akanusa, akaonja, akakunja uso. "Mazima. Ila umeyaunguza kidogo."

Bibi Elineema akarudi mbio, anacheka huku machozi yanamtoka. "Sasa kunywa."

"Si nimekwambia ni matamu?" mzee akalalamika.

"Wewe nyamaza, unanipenda," akamwambia. "Ulimi wa akupendaye si kipimo."