Upande Ambao Haukuita

Mtu mmoja alikuwa na nyumba mpya bondeni, na mkewe alikuwa mjamzito. Nyumba ilikuwa nzuri, ila maji machafu hayakuwa na njia ya kutoka, na maji machafu yakituama ndani ya nyumba huwa sumu. Mtoto asingeweza kuishi humo. Yule mtu akachimba mtaro karibu na lango. Haukufaa, akauacha. Akachimba wa pili katikati ya uwanja. Huo ulifanya kazi kwa muda mfupi, kisha nao ukaachwa, ila mfereji wake mrefu hakuufukia, kwa sababu wa tatu ungetokea ubavuni mwake.

Kaka zangu, najua mmekuja kuamua kama Naelijwa, mke wa mwanetu Samboja, arudishwe kwao kwa kuwa amezaa mtoto mwenye figo moja. Nisikilizeni kwanza. Ninyi ndio mlionisomesha mpaka nikawa mwalimu wa baiolojia, basi leo kaeni mfaidi karo yenu. Kaka Mrutu, usinikunjie uso, chakula hakijaiva bado.

Kwa mtaro huo wa tatu, yule mtu alikuwa na wachimbaji wawili, mapacha, mmoja wa upande wa kulia na mmoja wa kushoto. Kila upande waliishi wajenzi wasiojua kuchimba, na wachimbaji nao hawakujua kujenga. Mwenye nyumba hakuwasimamia. Kila mmoja alipewa neno lake tu, neno lililopitishwa mdomo kwa mdomo tangu kwa mababu. Wajenzi waliambiwa wamwite mchimbaji. Mchimbaji aliambiwa asiende asikoitwa, na akifika awaambie wajenzi waanze kazi. Hakuna aliyepewa neno lote peke yake.

Wa kulia wakaita. Mchimbaji wao akasikia, akachimba kutoka ubavuni mwa ule mfereji wa zamani mpaka kwao. Alipofika, mtaro ukagawanyika matawi mawili, na kila tawi likagawanyika tena, kama mizizi. Kwenye kila ncha aliwaambia wajenzi wakusanyike, nao wakajenga vichujio vidogo vinavyobakiza kilicho chema na kuachilia uchafu upite. Wengine walisubiri kwanza, maana kama wote wangejenga siku ile ile, matawi yajayo yangekosa watu. Na hao waliosubiri wakazidi kuita, naye akazidi kuja.

Kushoto neno lilipotea njiani. Katika kupokezana, kuna mdomo mmoja ambao haukulifikisha, na wajenzi wa upande ule hawakujua kwamba wao ndio wa kuita. Wakakaa na karai zao wakimngojea mchimbaji. Mchimbaji naye akakaa na jembe magotini akingojea kuitwa. Hawakuwa na ugomvi wowote, na umbali kati yao ulikuwa mdogo sana. Mimi huumia kila nikifika hapa. Mwishowe wajenzi wakatawanyika mmoja mmoja, na upande wa kushoto ukabaki mtupu.

Majirani walipokuja wakaona pale patupu, wakamgeukia mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa akiwapikia wote. Wakasema aliwanyima chakula watu wa kushoto. Wakasema alipita msibani akiwa na mimba, wakasema ukoo wao ndivyo ulivyo. Yule mama akalia, na kibaya zaidi, akaanza kuwaamini. Hapo mchimbaji wa kulia akatoka mtaroni, tope mpaka kiunoni, akasema, "Mama huyu alitulisha sote sawasawa. Mwacheni, mnipe jembe pana zaidi."

Akarudi kazini. Akaupanua mtaro, wajenzi wake wakavikuza vile vichujio, na maji yote ya nyumba yakapita upande wake. Nyumba ikakauka, na mtoto akaishi humo, akakua.

Nyumba ni mwili wa mtoto. Mitaro miwili iliyoachwa ni figo za mwanzo, ambazo hata wewe, kaka Mrutu, ulikuwa nazo tumboni mwa mama yetu kabla hazijatoweka, na mtaro wa tatu ndio figo tulizo nazo sasa. Wachimbaji na wajenzi ni chembe hai za huyo mtoto, na maneno wanayopokezana ni jeni. Haya huanza mapema mno, mara nyingi mama akiwa hajajua hata kama ana mimba. Upande wa kushoto uliponyamaza, Naelijwa alikuwa shambani nasi akipalilia mahindi na kutuchekesha. Angewezaje kuusikia ukimya ule? Nampenda binti huyu, na naona aibu kwa maneno aliyoyasikia katika nyumba yetu.

Daktari amempima mtoto. Figo ya kulia ni nzima, na imeshaanza kuwa kubwa kuliko kawaida, kwa sababu inafanya kazi ya mbili. Figo hiyo iliona pengo, ikaongeza bidii. Sisi tumeona pengo, tukaitisha kikao, na tangu mtoto huyu azaliwe hakuna hata mmoja wa ukoo wetu aliyempokea mikononi ili mama yake apate kulala kidogo. Naelijwa yuko hapo mlangoni, amembeba mtoto, anasubiri hukumu yenu. Ndugu zangu, nani kati yetu atainuka ampakate?