Ng'oa Yote

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kaondokea nani?
— Askari!
— Karudi nani?
— Usituulize!

Haya, siwaulizi. Kaeni mnisikilize, na wewe unayekoroma huko nyuma nitakupiga kwa kata ya maji.

Zamani hizo wanyama wa bondeni walipigana na wanyama wa mlimani. Kisa? Hata wenyewe walishasahau. Jemadari wa bondeni alikuwa Fisi, na tumbo lake lisilojua shibe. Askari walipewa biskuti ngumu kama matofali, yeye akala nyama. Askari wakavunjika meno, yeye akanenepa.

Mng'oa meno wa kambi alikuwa Pimbi, mdogo hivi, koleo kiunoni. Rafiki yake Digidigi akaumwa jino. Shavu likavimba, likavimba, mpaka jicho likafumbika. Pimbi akaenda kwa Fisi.

"Mzee, naomba dawa ya ganzi nimng'oe Digidigi."

"Ganzi ni ya Jemadari."

"Usaha unapanda kichwani, mzee!"

"Kwani anapigana kwa jino? Akasimame kwenye mstari!"

Digidigi akasimama kwenye mstari. Homa ikamwangusha palepale, akafa na bunduki yake mkononi. Pimbi alilia mpaka sauti ikamkauka. Na Fisi? Akatuma aletewe posho ya marehemu. Ndiyo, aliitaka hata hiyo!

Kisha akatoa amri: jua likipungua, askari wote wapande mlimani. Lo! Kila mtu alijua adui amejipanga juu na mizinga, na kwamba harudi hata mmoja. Pimbi akawatazama wenzake wamekaa kando ya mahema, wakingoja kufa. Moyo ukamchoma.

Mara, ka! Fisi kauma biskuti ya Digidigi. Gego limepasuka.

"Uwiii! Pimbi! Nakufa!"

Pimbi akaja mbio. "Ganzi iko wapi, mzee?"

"Niliilamba yote. Ilikuwa tamu."

Pimbi akafunua mlango wa hema wazi kabisa, eti upepo uingie. Akachukua koleo, akagonga jino. Ngo!

"Ni hili, mzee?"

"Uwiii!"

Akagonga la pili. Ngo! "Au hili?"

"Uwiii!"

Ngo! "Labda hili?"

"Uwiii! Unaniua!"

"Sasa ning'oe lipi? Sema kwa nguvu, mzee, mizinga imeniharibu masikio."

"Ng'oa! Ng'oa yote!"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi! Yote! Haraka!"

Huko nje askari wakatazamana.

"Mmesikia? Jemadari kasema tung'oe yote!"

"Mahema?"

"Kwani tumesimika nini kingine hapa?"

Wakarukia vigingi. Ndani Pimbi anang'oa, nje wenzake wanang'oa. Ng'o! Ng'o! Ng'o! Wakakunja mahema, wakajitwika, wakashika njia ya nyumbani. Pimbi alipomaliza akachomoka, akawafuata.

Fisi akatoka nje akakuta uwanja mweupe. Akaufukuzia msafara, damu inamchuruzika, anataka kusema "Rudini!"

"Huhini! Huhini!"

"Jemadari anasemaje?" askari wakauliza.

"Anasema kimbieni," akajibu Pimbi.

Wakakimbia kweli, wakafika kwao wazima. Vigelegele vikapigwa. Mama yake Digidigi akaupitia mstari wote, akitazama uso mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Pimbi.

"Mwanangu, mwenzako yuko nyuma?"

Pimbi aliyemlaghai jemadari mzima hakumlaghai mama huyu. Akaushika mkono wake, wakasimama hivyo barabarani, watu wakicheza ngoma pembeni.

Hadithi imefika kwao, nami nirudi kwangu. Mafunzo, wanangu: askari mwema hutii amri ya mkubwa wake kama ilivyotamkwa, bila kuuliza. Na ukitaka kuumwa jino vitani, uwe jemadari kwanza.