Viluwiluwi vya Mwinyi Shali

Mtaa mzima ulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu, nacho kilikuwa cha Mwinyi Shali. Kila aliyeomba maji alifukuzwa.

"Nenda! Ndoo zenu chafu zitatia taka kisimani mwangu."

Siku moja jirani yake, Bi Mishi, alifika na mtungi uliofungwa kitambaa cheupe mdomoni.

"Mwinyi, watu wanasema kisima chako kina viluwiluwi."

"Kisima changu mimi?" Mwinyi Shali aliruka. Aliteka maji mwenyewe, akayamimina juu ya kitambaa. "Haya, nionyeshe hicho kiluwiluwi!"

"Sikioni. Lakini viluwiluwi hukaa chini."

Aliteka tena na tena. Kitambaa kilibaki cheupe.

"Mimi nimeridhika," alisema Bi Mishi, "ila majirani hawataamini mpaka waone kwa macho yao."

"Waite wote!"

Walikuja watu kumi na wanane, kila mmoja na mtungi wake uliofungwa kitambaa. Kufika adhuhuri Mwinyi Shali alikuwa hoi, na hakikupatikana hata kiluwiluwi kimoja.

"Tumekuamini, Mwinyi," alisema Bi Mishi, akijitwika mtungi wake uliojaa pomoni. Nyuma yake iliinuka mitungi mingine kumi na minane. "Ila viluwiluwi huzaliwa kila siku. Kesho tutakuja kukagua tena."