Jembe la Nyati Lililolala Kisiwani

Mliokaa, mmekaa?
Tumekaa!
Na anayesinzia je?
Tutamfinya!
Haya, mfinyeni, maana nami naanza.

Zamani hizo, zamani kabisa, Nyati alikuwa na shamba kando ya ziwa. Alianza na kipande kidogo tu, alichokipata baada ya kupigana na Tembo, bwana wake aliyemfanyisha kazi bila ujira. Siku aliyojikomboa aliapa kwamba yeye hatamtawala mtu. Na aliapa kwa moyo safi, jamani, msianze kumcheka.

Basi akalima. Akalima, akalima, akiwasukuma Swala waliokuwa wakiishi mbele yake, mpaka jembe likafika majini. Hapakuwa tena na pa kulima. Mahindi yakajaa maghalani, dumuzi, wale wadudu watoboa punje, wakaingia. Wanawe wakaanza kugombania mipaka. Na kule ziwani akamwona Simba anajitwalia visiwa, leo hiki, kesho kile. Nyati wa watu akakosa usingizi.

Ndipo Bi Kanga akaja kutoka kisiwani kwao, analia. Mamba amechimba shimo kwao, anawalia mayai, hawana pa kukimbilia. Nyati alimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Akachukua jembe, akaogelea, akalifukua lile shimo mpaka Mamba akatoka mbio. Kanga wakacheza ngoma hadi vumbi likatanda.

Sasa, Kanga wana desturi yao. Aliyekuja kukusaidia kazi, unamwoshea jembe, unamkabidhi mlangoni kabla jua halijatua. Jembe likilala kwako, mwenye jembe ndiye mwenye nyumba. Bi Kanga akaliosha, akalileta.

Nyati akaliangalia. Akakumbuka dumuzi. Akasema liache kwanza, anataka kujenga soko hapa, ili Kanga wale mahindi yake. Jembe likalala.

Siku ya pili Bi Kanga akaliosha tena, akalileta. Nyati akakumbuka Simba. Akasema akiondoka yeye, Simba ataingia. Na tena anahitaji mahali pa kupumzika akiogelea kwenda visiwa vya mbele. Jembe likalala.

Siku ya tatu akaliosha, akalileta. Nyati safari hii hakuwa na sababu mkononi. Aliona aibu, naam, aliona. Akatazama huku na huku, akaona vifaranga wanaparuaparua mchanga, akasema watoto hawa hawajui kulima kwa mistari, lazima abaki awafundishe. Maneno yalipotoka, mwenyewe akayaamini.

Bi Kanga akaliweka jembe ndani, karibu na mafiga.

"Bwana Nyati," akasema, "tulikuita utufukuzie Mamba. Hatukukuita uwe bwana wetu. Nyumba chukua. Sisi hutupati."

Wakaingia kwenye matete, mama na watoto. Nyati akashusha mahindi yake, akafungua soko. Hakuja mtu. Akaita kwa upole, akaita kwa ukali. Hakuja mtu. Akaenda kuwatafuta, na kila alipokanyaga, mayai yalivunjika chini ya kwato zake.

Jioni moja akasimama kando ya matete, anasikiliza. Kifaranga alikuwa analia njaa. Akamsikia mama wa kifaranga akimbembeleza kwa sauti ya chini:

"Nyamaza, mwanangu. Nyati atakusikia."

Nyati alilia, wallahi alilia. Lakini hakuondoka. Mahindi yalikuwa yameshashushwa, na wanawe walikuwa wameshaanza kuvuka.

Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili: ukienda kumsaidia mwenzio, kazi ikiisha chukua jembe lako uende. Na ukibaki kwa shida zako, usimwambie umebaki kwa ajili yake.

Ngano nimeitua chini, mabega yameniuma. Nani anaibeba?
Sisi!
Haya, ibebeni.