Kidevu cha Daktari wa Ng'ombe

Duniani wapo watu ambao mikono yao huwafaa wote isipokuwa wao wenyewe. Njuguna wa Noonkopir, mjini Kitengela, alikuwa mmoja wao. Watu walimwita daktari wa ng'ombe ingawa shahada hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni buti za mpira, mkoba wa ngozi uliochakaa na miaka ishirini na sita ya kuzunguka mabandani mwa watu. Ng'ombe akigoma kutoa maziwa, aliyeitwa ni yeye, na somo lake halikubadilika. Kabla ya kukamua, osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kipanguse kwa kitambaa safi, kisha zipake chuchu mafuta ya kukamulia. "Ngozi kavu ukiivuta inapasuka," alikuwa akisema, "na ng'ombe akikupiga teke usimlaumu, ni wewe umemwanza."

Kwa ng'ombe wa watu alikuwa mpole kama yaya. Kwa kidevu chake alikuwa katili. Kila asubuhi alisimama mbele ya kipande cha kioo kando ya mfereji, akashika wembe wa juma lililopita na kujikwangua bila maji wala sabuni, tena kwa kupandisha, kinyume cha ndevu zilivyolala. Akimaliza alijimwagia spiriti kiganjani, akajipaka huku amefumba macho na kukanyagakanyaga chini. Spiriti ilimchoma, naye akaridhika, kwa maana aliamini kama wanaume wengi wa rika lake kwamba dawa isiyochoma haijafanya kazi. Shingo nzima ilijaa vipele. Mkewe Muthoni alisema mpaka akachoka, akaona heri anyamaze.

Maji yalizidi unga siku wakwe walipokuja kuleta mahari. Binti yao wa pekee, Nyawira, alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja wa Kajiado aitwaye Melvin Makokha. Njuguna alitaka kupendeza, kwa hiyo asubuhi hiyo alinyoa mara mbili. Alipokuwa katikati ya hotuba yake, damu ikamtiririka shingoni na kuingia kwenye kola ya shati jeupe. Mama mmoja wa upande wa wageni akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mzee ameshikwa na nini?" Mnong'ono ule ulimfikia. Picha nazo hazikumsitiri, maana doa lilionekana katika kila moja.

Tangu siku hiyo aliogopa macho ya watu. Akinyoa, vipele viliwaka; akiacha, ndevu ziliota kwa mafungu na kumwasha usiku kucha. Harusi ilipobakia wiki nne, Nyawira alikuja kupanga naye jinsi watakavyoingia kanisani. Njuguna alitazama chini.

"Baba yako mdogo Irungu atakupeleka," alisema. "Yeye ako na uso wa watu."

"Sitaki uso wa Baba Irungu," Nyawira alijibu. "Kama si wewe, nitaingia peke yangu."

Njuguna alimpenda binti huyu kuliko kitu chochote. Alimwita Maitu, yaani mama, kwa kuwa ndiye aliyerithi jina la nyanya yake, mamake Njuguna. Kumwacha aingie kanisani peke yake lingekuwa jambo la kumla moyo hadi kaburini. Kusimama mbele ya kamera na shingo ile nako hakukuweza. Alibaki njia panda.

Wiki hiyohiyo aliitwa na Nanjala, mjane kutoka Webuye aliyekuwa na duka la kinyozi karibu na soko la Noonkopir. Nanjala alikuwa amenunua ng'ombe wake wa kwanza, na ng'ombe huyo alikuwa amekwisha kupindua ndoo mara tatu. Njuguna alikagua chuchu, akaona zimepasuka. Akaomba maji ya uvuguvugu na kitambaa, akatoa kopo la mafuta mkobani, akaonyesha hatua kwa hatua. Kisha akamwachia Nanjala akamue mwenyewe. Ng'ombe alitulia, akaendelea kucheua, na maziwa yakashuka.

Nanjala alishukuru. Lakini jicho la kinyozi halilali, na muda wote lilikuwa shingoni mwa mgeni wake.

"Daktari, nikuulize kitu na usikasirike?"

"Uliza, mama."

"Huyu ng'ombe, kama ningekuwa namkamua mkavu, na kucha ndefu, halafu nikimaliza nammwagia spiriti, ungeniambia nini?"

Njuguna alicheka. "Ningekwambia uuze ng'ombe, wewe ufuge kuku."

"Sasa hiyo shingo yako umeifanyia nini?"

Kicheko kilikatika. Njuguna alitazama kopo la mafuta mkononi mwake, akahisi uso ukimchoma bila spiriti. "Ng'ombe ni ng'ombe na mwanaume ni mwanaume," alisema, akafunga mkoba na kuondoka bila kunywa chai. Huko Noonkopir, mtu akikataa chai ya nyumba aliyoisaidia, ujue ameudhika kwelikweli.

Hasira ilimfikisha hadi langoni kwake, kisha ikamwacha. Kesho yake alisimama mbele ya kioo na wembe mkononi, na mkono ukakataa kuinuka. Alimfikiria ng'ombe yule aliyetulia. Alimfikiria Maitu akiingia kanisani bila mtu ubavuni. Akauweka wembe chini, na kabla ya maduka kufunguliwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha Nanjala, amevua kofia, mnyonge kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Leo sinyoi," Nanjala alimwambia. "Hii ngozi ipumzike kwanza. Wiki tatu usiguse wembe. Asubuhi na jioni osha na maji ya uvuguvugu, upake losheni ya mshubiri kidogo. Kama kuna kipele kinazidi, enda hospitali, mimi si daktari."

"Hata mimi si daktari," Njuguna alisema, na wote wawili wakacheka.

Wiki tatu zile zilikuwa ndefu, lakini vipele vilinywea kimoja baada ya kingine. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, alirudi. Nanjala alilowesha taulo kwa maji ya moto, akalikamua na kumfunika nalo kidevu mpaka ndevu zikalainika. Akampaka mafuta kidogo, kisha povu zito la sabuni ya kunyolea kwa brashi. Alichomoa wembe mpya, akanyoa kwa kushusha jinsi ndevu zilivyolala, kwa mkono mwepesi, akiusuuza wembe kila baada ya kuupitisha mara mbili tatu. Mwisho akamwosha kwa maji baridi, akamkausha kwa kumgusagusa tu bila kumsugua, akampaka losheni.

Njuguna alifumbua macho. "Na spiriti?"

"Spiriti ni ya kusafisha mashine."

"Lakini sijasikia kitu."

"Ndio hivyo. Hukufaa kusikia kitu."

Alijipapasa shingo kutoka sikio hadi sikio. Ilikuwa laini. Mzee mzima alitokwa na machozi, wala hakujificha. "Haya mambo yote nilikuwa nayajua," alisema.

"Uliyajua kwa ng'ombe," Nanjala akamjibu.

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa kule Kajiado, Nyawira aliegemeza shavu lake kwenye shavu la babake, akakaa hivyo kwa muda huku mpiga picha akipiga anavyotaka. Kisha wakaingia pamoja, mkono kwa mkono. Muthoni aliwatazama kutoka kiti cha mbele, na moyo wake ukajaa furaha.

Wakati wa chakula, mzee Makokha, babake bwana harusi, alisogeza kiti karibu na mkwe wake. Yeye mwenyewe alikuwa na vipele vyake chini ya kola, na tangu asubuhi alikuwa akimchunguza mwenzake kwa wivu.

"Daktari," alinong'ona, "hiyo shingo umejitibu na nini?"

Njuguna angeweza kujisifu, na hakuna ambaye angejua. Badala yake alinyoosha kidole hadi meza ya pili, alipoketi Nanjala na sahani yake ya pilau.

"Sijajitibu. Ni yule mama. Anafuga ng'ombe mmoja, na dawa yenyewe nilimfundisha mimi. Lakini kwa shingo hii, mimi ndiye nilikuwa ng'ombe."

Meza nzima iliangua kicheko, Njuguna akiwashinda wote. Mzee Makokha aliushika mkono wake, akautikisa, na kusema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia, "Wahenga hawakukosea, mkwe wangu. Mganga hajigangi."