Ila ya Kwembizi

Mpita njia hupewa salama, aliyeketi hupewa ila.

Mwalimu wenu aliisema asubuhi akiwaandaa kwa safari ya utafiti, nanyi mkadhani ni methali ya wahenga. Si ya wahenga, wanangu. Haijafikisha hata miaka arobaini, na aliyeitamka mara ya kwanza nimekunywa uji wake. Kaeni, gari bado linajazwa mafuta. Chanzo chake nakijua kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu sehemu ya aibu yake ni yangu.

Siku hizo nilikuwa dereva wa idara ya mazingira ya chuo hiki. Idara ilikuwa na Landrova moja ya kijani, iliyofungwa mlango wa nyuma kwa kamba ya katani, na ilikuwa na Dokta Ndyanabo. Ah, Dokta Ndyanabo! Mtu mrefu, mwenye haraka, aliyekuwa akitafuna miwa huku akisahihisha mitihani. Mungu amlaze pema. Nikimsema hapa, jueni namsema kama ndugu yangu.

Tulitumwa Kwembizi, kijiji kilichokuwa bondeni, chini ya shamba la mkonge. Huko juu kulikuwa na mashine ya kusinga mkonge, ya kukamua majani zibaki nyuzi, na maji yake yalitiririka moja kwa moja mtoni, ya kijani, yenye harufu ya uchachu, yakikugusa mwili yanawasha. Wanakijiji walichota maji ya mto huohuo. Sasa wenye shamba walitaka kusimika mashine ya pili. Wilaya ikasema chuo kiende kwanza kikawaulize wananchi. Wakisema maji yana shida, mashine isubiri mpaka majitaka yapatiwe njia nyingine. Wakisema hayana shida, isimikwe. Kupima maji enzi hizo kulichukua miezi, chupa zikisafiri kwa treni, kwa hiyo neno la wananchi ndilo lililotegemewa, na wilaya ililitaka Ijumaa.

Wanafunzi sita walipewa madodoso, kila mmoja nyumba ishirini kwa siku mbili. Swali la kwanza liliuliza, "Hali ya maji ya mtoni ikoje?" Chini yake palikuwa na visanduku vitatu: Salama, Si salama, Hajui.

Hebu niambieni. Mtu kasimama mlangoni pako asubuhi, kalamu mkononi, kakuuliza hali ya kitu chochote kile. Utamjibu nini?

"Salama, mwanangu. Karibu ukae."

"Ahsante mama, sikai, nina nyumba nyingine."

Alama ya vema kwenye Salama, huyo kaondoka.

Mimi sikuwa na dodoso. Kazi yangu ilikuwa kulinda gari, nami nililiegesha uani kwa Mama Shemboza, mjane aliyewauzia uji wakata mkonge. Nilishinda pale siku zote mbili, nimekalia kinu kilichopinduliwa. Siku ya kwanza nilimuuliza hali, akasema salama. Nikaendelea kunywa uji wangu. Kikombe hakijafika nusu, akasema, "Salama, ila maji ya uji huu nimeyafuata Kwekibomi, mwendo wa saa mbili. Ya hapa siwezi kumpa mtu." Kisha akamwita mjukuu wake, Mwanamkuu, mtoto wa miaka minne, akamgeuza mgongo nione. Ulikuwa umejaa vidonda, kwa kuoga mtoni. Samaki, alisema, hawajaonekana tangu masika ya mwaka juzi.

Niliyasikia yote hayo, na sikumwambia mtu. Nilijiambia mimi ni dereva, mambo ya utafiti yana wenyewe. Sasa mnajua kwa nini nimetaja aibu.

Dokta alikuwa na tabia moja ambayo wengi hawakuwa nayo: hakuondoka kijijini bila kuwasomea watu walichokisema. Alhamisi wakakusanyika mbele ya zahanati. Akafungua faili akasoma, "Nyumba mia moja na kumi na moja, kati ya mia moja na ishirini, zimesema maji ya mtoni ni salama. Tunawashukuru sana." Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Shemboza akasimama, akakaza khanga kiunoni.

"Baba Dokta, huko kwenu mgeni akipiga hodi, mnamwonyesha kidonda kabla ya kumpa kiti?"

"Hapana, mama."

"Mume wangu alipofariki, maiti ingali ndani, jirani alinijia akaniuliza habari za kuamka. Unadhani nilimjibu nini?"

Dokta akalishusha faili.

"Nilimjibu salama. Kisha nikamwambia, ila tumefiwa. Ndivyo tulivyolelewa. Na vijana wako niliwajibu salama, nikawakaribisha wakae. Hawakukaa. Wakaondoka na salama yao, ila nikabaki nayo mimi."

"Lakini mama, si ungewaita warudi?"

"Mpita njia hupewa salama, baba. Aliyeketi hupewa ila. Na yuko mtu wako mmoja aliyeketi. Muulize yeye."

Akaninyooshea kidole.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dokta akageuka, akaniita kwa jina langu. "Kihiyo, unajua nini?"

Nikasema. Nikaeleza habari za maji ya Kwekibomi, mgongo wa mtoto, samaki. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Dokta."

Watu wakacheka, na kicheko kikaisha ghafla. Mwingine angefunga faili akatafuta gari. Yeye aliweka madodoso chini, akaketi mchangani na suruali yake ya pasi, akasema, "Nimeketi, mama. Nipeni ila zenu."

Zikatoka mpaka adhuhuri. Ijumaa alikwenda wilayani mikono mitupu, akawaambia wakubwa kwamba kazi yake imeharibika na anaomba wiki tatu. Walimdhihaki sana, lakini wakampa. Wanafunzi wakarudi Kwembizi, kila mmoja na kigoda cha kuazima, na amri moja: karatasi isifunguliwe mpaka mwenyeji aseme ila. Safari hii nyumba mia moja na kumi na nne zilisema maji si salama. Mashine ya pili haikusimikwa mpaka wenye shamba walipochimba mabwawa ya kutuliza majitaka. Mwanamkuu alipona, ingawa makovu anayo mpaka leo. Samaki walirudi wachache.

Nazikumbuka siku zile, wanangu, na nawaonea huruma nyinyi mnaomaliza nyumba kwa dakika saba na vishikwambi vyenu. Nazikumbuka hasa kwa sababu ya safari ya kurudi.

Tulikuwa wawili kiti cha mbele. Dokta akaniuliza swali aliloniuliza kila safari kwa miaka tisa. "Kihiyo, habari za nyumbani?"

"Salama, Dokta."

Kwa kawaida hapo angefungua gazeti. Siku ile hakulifungua. Aliniomba niegeshe pembeni, nikaegesha, nikazima injini. Akageuka kunitazama. Lori likatupita, na la pili likatupita. Nilishika usukani kwa mikono miwili kama vile gari bado linakwenda.

"Ila," nikasema, "mke wangu amepofuka jicho moja, na la pili linafuata. Sijamwambia mtu."

Miaka tisa, wanangu, gari moja, viti viwili vinavyogusana. Mpita njia hupewa salama, aliyeketi hupewa ila.